Starehe ya Nyumbani Ina Masharti Yake



Jumapili moja baada ya Misa, baba mmoja wa parokiani kwetu alinisimamisha nje ya kanisa, uso umemchangamka. "Sista," aliniambia, maana huku kwetu muuguzi ni sista hata kama ana wajukuu, "siku hizi kilabuni sikanyagi tena. Jioni ninastarehe nyumbani kwangu." Nilimpongeza kwa moyo wote. Miaka miwili kabla ya hapo mimi mwenyewe nilimfunga bandeji kichwani, alipoanguka na pikipiki usiku akitoka huko kilabuni. Mkewe alikuwa amesimama kando yake. Hakusema neno. Alitazama chini, akawa anachora mchanga kwa kidole cha mguu.

Alhamisi iliyofuata mama huyo alikuja kliniki ya presha. Kipimo kilionyesha 160 kwa 100. Nilimwuliza kama anameza dawa zake. Akajibu kwamba anameza, ila halali usingizi. "Kilabu amekiacha kweli, Sista," alisema. "Lakini kilabu chenyewe kimehamia kwangu."

Akanieleza. Kila jioni marafiki wanne au watano wa mumewe huja na madumu ya ulanzi. Wanakaa sebuleni hadi saa 6 usiku, televisheni ikiwa imefunguliwa sauti ya juu. Yeye ndiye anayechota maji, anayekaanga nyama, anayeosha vikombe na kufuta matapishi. Watoto hulala jikoni kwenye jamvi kwa sababu chumba chao kinapakana na sebule. Kwa kuwa ni msimu wa baridi, jiko la mkaa huingizwa ndani na milango hufungwa.

Wazee hawa wamenipa ruhusa niyaandike haya, nami nimegeuza jambo moja mawili ili wasitambulike. Nimeona yafaa tuyazungumze kwa sababu familia nyingi siku hizi zimeanza kuchagua kubaki nyumbani jioni badala ya kutoka. Wengine hufanya hivyo kwa sababu ya gharama, wengine kwa kuogopa njia za usiku, wengine kwa sababu king'amuzi kimeleta mpira na tamthilia hadi sebuleni. Mimi kama muuguzi ninaunga mkono uchaguzi huo. Hata hivyo, kwa miaka yote niliyofanya kazi wodini nimepokea wagonjwa walioumizwa na starehe ya nje, na nimepokea pia walioumizwa na starehe ya ndani ya nyumba zao wenyewe.

KWA NINI NYUMBANI NI AFADHALI

Tuanze na barabara. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba kwa watu wenye umri kati ya miaka 5 na 29 hakuna kinachoua zaidi ya ajali hizo. Anayefanya kazi zamu ya usiku hospitalini hahitaji kuambiwa hayo. Jumamosi saa 5 usiku tunaandaa uzi wa kushonea na plasta ya mifupa kabla majeruhi hawajafika, kwa sababu tunajua watafika. Abiria wawili juu ya bodaboda moja, hakuna kofia ngumu, dereva naye alikuwa anawasubiri huku akinywa pamoja nao. Aliyebaki nyumbani usiku huo hayumo katika hesabu hiyo.

Jambo la pili ni Ukimwi, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hatuna budi kulisema wazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi vya Ukimwi. Kwa Mkoa wa Njombe peke yake ilikuwa asilimia 12.7. Pombe haibebi virusi. Kinachotokea ni kwamba pombe huondoa breki ya akili: mtu anafanya saa 5 usiku jambo ambalo saa 5 asubuhi asingelifikiria. Aidha, wale walio kwenye dawa za kufubaza virusi husahau kuzimeza wakiwa wamelewa, na kila dozi inayorukwa huwapa virusi nafasi ya kuzaliana tena. Jioni ya kukaa nyumbani na mwenzi wako, dawa ikimezwa kwa saa yake, ni sehemu ya matibabu.

Faida ya fedha sitaieleza kwa kirefu. Kila mama anayeomba ada ya shule anaijua.

KILABU KISIHAMIE SEBULENI

Sasa nirudi kwa yule baba. Yeye aliamini kwamba pombe ikinywewa nyumbani inapungua ubaya. Ni kweli kwamba hakuanguka tena na pikipiki. Lakini ini lake halijui kama ulanzi ule umenywewa kilabuni au kwenye kochi.

Tufanye hesabu kidogo. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi chenyewe. Ini la mtu mzima huondoa kati ya gramu 7 na 10 kwa saa. Kwa hiyo chupa moja huhitaji saa 2 hadi 3 kuondoka mwilini. Aliyekunywa chupa 5 kuanzia saa 2 usiku, kesho yake saa 2 asubuhi anapowasha gari au kupanda juu ya paa kupigilia bati huenda bado ana kilevi katika damu, ingawa amelala, ameoga na amekunywa chai. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala supu, wala maji baridi kichwani. Ulanzi na komoni ni vigumu zaidi kupigia hesabu, kwa sababu huendelea kuchacha ndani ya dumu. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu na mwepesi. Ule ule ukifika kesho yake jioni una nguvu nyingine kabisa.

Kilabuni kuna mambo mawili yanayomzuia mnywaji, hata kama hayapendi: bei ya kila kikombe, na saa ya kufunga. Nyumbani hayo mawili hayapo. Dumu limeshalipiwa, na kitanda kiko hatua kumi kutoka hapo. Nimeuguza wanaume, na wanawake pia, ambao hawajawahi kuonekana wamelewa barabarani, lakini macho yamekuwa ya njano na tumbo limejaa maji. Majirani husema wamerogwa, kwa kuwa "hakuwa mlevi yule".

Kuhusu kiasi, wengi huniuliza ni vikombe vingapi havidhuru. Mwezi Januari mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Na tangu mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa shirika hilo wameiweka pombe kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, mathalani saratani ya koo la chakula, ya ini na ya matiti. Simwambii kila mtu avunje kikombe chake leo. Ninasema tu kwamba aliye na mimba asinywe kabisa, mwenye ugonjwa wa ini vivyo hivyo, na anayetumia dawa yoyote aulize kwanza. Anayekunywa, kikombe kimoja ni bora kuliko vitatu, na siku bila kikombe ni bora kuliko siku yenye kikombe.

Watoto ndio wanaonitia uchungu zaidi. Asubuhi moja saa 1 tuliletewa mtoto wa miaka 4 asiyezinduka, mwili wa baridi, akitetemeka upande mmoja. Mama yake alidhani ni malaria ya kichwa. Tulipomwinamia, pumzi yake ilinuka pombe. Usiku wageni walikuwa wamekunywa sebuleni, vikombe vikaachwa chini. Mtoto aliamka mapema kuliko wengine wote, akazunguka akimaliza mabaki, kikombe kimoja baada ya kingine, kama anavyomaliza mabaki ya chai.

Wasomaji wafahamu kwa nini hali hii ni ya hatari. Kwa mtoto mdogo pombe hulizuia ini kutengeneza sukari. Usiku kucha hajala, akiba yake ni ndogo, basi sukari katika damu hushuka ghafla na ubongo unakosa chakula. Ndipo huja degedege na kupoteza fahamu. Tulimpima sukari, tukampa ya kwenye mshipa, na baada ya muda alifumbua macho akamwita bibi yake. Angechelewa kwa safari ya mganga wa kienyeji, sijui ningeandika nini leo. Mtoto wa namna hiyo asinyweshwe kitu mdomoni, awe maziwa au maji, maana hukosea njia na kuingia mapafuni. Alazwe kwa ubavu, afunikwe asipate baridi, akimbizwe hospitali. Na vikombe vioshwe usiku ule ule, si kesho.

Gongo sitaizungumzia sana, ila jambo moja. Baada ya serikali kupiga marufuku pombe ya viroba mwaka 2017, wapo waliorudi kwenye gongo, na huihifadhi nyumbani katika chupa za maji ya kunywa. Ni nyeupe kama maji. Mtoto mwenye kiu haulizi. Tena pombe kali iliyotengenezwa kwa kificho inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha macho na kuua. Mtu akinywa kisha siku hiyo au kesho yake akasema anaona ukungu mweupe mbele ya macho, msisubiri usingizi umwishe.

Tena kuna binti. Naandika haya nikiwa mama. Msichana wa miaka 13 au 14 asifanywe mhudumu wa wanaume wanaokunywa, hata kama ni rafiki wa baba, hata kama ni mjomba. Awe binti wa nyumba au msichana wa kazi, ni mamoja. Nyumba ambayo wageni walevi hulala sebuleni si salama kwake. Ikitokea ametendewa ubaya, msimwogeshe wala msifue nguo zake, msikae kikao cha ukoo kwanza. Mleteni hospitali mara moja, kwa sababu dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi sharti zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini uhai wa mtoto usingoje karatasi. Kwa ushauri, namba 116 ni ya kusaidia watoto na hupigwa bila malipo.

MKAA NA MILANGO ILIYOFUNGWA

Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti baridi ya milima yetu hupenya hadi mifupani. Familia ikiamua kukaa pamoja jioni, kitu cha kwanza ni kuingiza jiko la mkaa sebuleni, kufunga madirisha, na kuziba kwa kanga ile nafasi iliyo chini ya mlango. Picha yenyewe inapendeza: baba, mama, watoto na bibi, wote wameuzunguka moto, wanacheka. Lakini kwangu mimi hii ndiyo picha inayonitisha kuliko zote, kwa sababu hakuna mtu aliyefanya kosa lolote analolijua.

Mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haikeri koo. Mtu akiivuta huingia katika damu na kujishika kwenye chembe nyekundu, mahali pale pale ambapo hewa safi ya oksijeni hukaa. Nayo hujishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi damu inaendelea kuzunguka vizuri, moyo unapiga, mapafu yanavuta, lakini damu haina nafasi ya kubeba hewa. Ubongo na moyo hukosa pumzi huku mtu akiendelea kupumua.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na usingizi mzito. Familia hudhani ni uchovu wa shamba au malaria, na kama kulikuwa na ulanzi, hudhani ni ulanzi. Mlevi ndiye aliye katika hatari kubwa, maana hata akiumwa kichwa hatatoka nje. Mama mjamzito naye ana watu wawili wa kuwapumulia, na mtoto aliye tumboni huumia mapema na kwa ukali kuliko mama.

Wazee husema, "Mbona sisi tulikua kando ya moto na hatukufa?" Ni swali zuri. Nyumba za babu zetu ziliezekwa kwa nyasi, na moshi ulitafuta njia ukapita juu. Moshi ule ulituharibu macho na vifua, nisiusifu, ila angalau nyumba ilivuja hewa. Nyumba za sasa zina bati, dari, madirisha ya vioo na mlango uliokaa barabara katika fremu. Tumejenga vizuri, tukaingiza jiko la zamani ndani ya nyumba isiyovuja.

Kuna imani mbili zinazosambaa ambazo napenda kuzikanusha. Ya kwanza, kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi hauna madhara. Si kweli; gesi hiyo haionekani, na mkaa mwekundu huitoa vilevile. Ya pili, kwamba ukiweka sufuria ya maji juu ya jiko, maji hunyonya sumu. Maji hayanyonyi chochote cha maana hapo. Mtapata maji ya moto tu.

Basi tufanyeje na baridi hii? Ota moto jikoni kwenye nafasi, au barazani, kisha ingieni ndani bila jiko. Vaeni mablanketi mkiwa sebuleni, hakuna sheria inayokataza. Ikiwa mgonjwa au mzee hawezi bila moto, dirisha liwe wazi na mlango uwe nusu wazi muda wote, tena jiko litoke nje kabla mtu yeyote hajalala. Na jenereta, kwa wale wanaoiwasha umeme ukikatika ili mpira usiwapite, ikae nje mbali na dirisha. Isiwekwe stoo wala varandani iliyozibwa, kwa kuwa moshi wake una gesi ile ile.

Ukikuta watu wamelegea chumbani chenye jiko, fungua milango yote, watoe nje haraka, wala usikae humo ndani ukiwaamsha, usije ukawa mgonjwa wa ziada. Kisha waleteni hospitali hata kama wameanza kuzungumza. Katika hewa ya kawaida damu huchukua saa 4 hadi 5 kupunguza nusu tu ya gesi hiyo, lakini kwa oksijeni safi ya hospitali kazi hiyo hufanyika kwa muda wa kama saa moja na nusu. Tena tuambieni wazi kwamba kulikuwa na jiko. Tusipoambiwa tunaweza kuhangaika na vipimo vya malaria huku dakika zinakwenda.

TELEVISHENI, SIMU NA USINGIZI

Wengi wangetarajia niilaani televisheni. Siilaani. Ninaitazama mwenyewe nikiwa sina zamu, na mpira unaotazamwa nyumbani ni salama kuliko ule wa kibanda umiza, ambako watu wamebanana chumbani wakikoholeana usoni. Huku tukiwa na kifua kikuu mitaani, jambo hilo si dogo.

Shida yake ni saa. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 huhitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Mwanafunzi wa shule ya msingi huhitaji saa 9 hadi 12, na kijana wa sekondari saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi shule, akiwa na miaka 10, ilimpasa kuwa amelala saa 2 usiku. Tamthilia inaanza saa ngapi? Hesabu hiyo kila mzazi aifanye mwenyewe. Mtoto aliyekosa usingizi huletwa kwangu kama mtoto mgonjwa: kichwa kinamuuma, hali chakula, mwalimu amemlalamikia kwamba hashiki masomo. Tunapima damu, tunapima choo, hatuoni kitu.

Kwa watoto wadogo kabisa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema wasiotimiza miaka 2 wasikalishwe mbele ya kioo cha televisheni au simu, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku. Naelewa mama aliyechoka anapompa mtoto simu ili apate kupika. Nimewahi kufanya hivyo kwa mjukuu. Lakini mtoto hujifunza kusema kwa kuangalia mdomo wa mtu anayemjibu, na simu haimjibu.

Simu ina starehe nyingine inayokaa mfukoni mwa baba au kijana, nayo ni kubahatisha matokeo ya mechi kwa pesa. Mtu hakutoka nje, hakulewa, lakini mshahara umekwisha akiwa kitandani. Huja kwangu na presha na kukosa usingizi, na haniambii sababu hadi ziara ya tatu. Anayejiona hawezi kuacha amwambie mwenzake mapema, na pesa za nyumba zisikae kwenye simu yake kwa muda.

Kuhusu kukaa tu bila kutembea, mwongozo wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kutosha kwa juma, na mtoto wa shule dakika 60 kila siku. Mkulima aliyeshika jembe tangu asubuhi asihubiriwe mazoezi jioni, mwacheni akae. Ninawasema wale wanaotoka kiti cha ofisi, wakaingia kiti cha gari, wakamalizia kwenye kochi wakiwa na sahani ya chipsi zenye chumvi. Hao wakitaka kubaki nyumbani, wazunguke mtaa kwanza.

NI STAREHE YA NANI?

Hapa ndipo ninaporudi kwa yule mama na presha yake. Nilimwuliza jioni zake yeye huzitumiaje, akacheka kama vile nimeuliza jambo la kipumbavu. Familia inaposema "tunastarehe nyumbani", aghalabu maana yake ni kwamba wanne wamekaa na mmoja anafanya kazi. Presha yake ilikuwa na sababu nyingi, ukoo wao unayo, na chumvi ya mboga ilikuwa nyingi. Lakini dawa gani ingeshuka vizuri kwa mtu anayelala saa 7 usiku na kuamka saa 10 alfajiri kila siku? Kama starehe imehamia nyumbani, kazi zake nazo zigawanywe. Aliyekunywa chai aoshe kikombe. Mwenye wageni achote maji ya wageni wake.

Na michezo ambayo kila mtu anaweza kukaa ndani yake ipo, hatukuiagiza kutoka mbali. Bao humchangamsha mzee ambaye hawezi tena kwenda shambani, maana ni lazima ahesabu kete na kukumbuka. Vitendawili humfanya mtoto wa miaka 5 amshinde kaka yake wa sekondari. Mdako, karata, drafti, kuimba nyimbo za kwaya mliyomo, hadithi za bibi kabla bibi hajaondoka nazo. Kukiwa na mbalamwezi watoto wacheze kombolela uani, na mtu mzima mmoja awe barazani akiwaangalia. Ziwekeni saa: wageni wakaribishwe hadi saa 2 usiku, kisha nyumba irudi kwa wenye nyumba.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba kila mtu ajifungie. Kwa mjane anayeishi peke yake, au kijana aliyepoteza kazi, kubaki nyumbani kila jioni kunaweza kuwa ndio ugonjwa wenyewe. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na ikaeleza kwamba upweke huongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo na sonona. Watu hao ndio wa kuitwa waje kwenye bao lenu. Na mzee wa jirani asiyeonekana barazani kwa siku mbili, tumeni mtoto akabishe hodi.

Yule mama amerudi kliniki mara nne tangu hapo. Mara ya mwisho kipimo chake kilikuwa 138 kwa 86, nami nikamwuliza habari za nyumbani. Akasema mumewe alifoka majuma mawili, kisha akawaambia marafiki wakae chini ya mparachichi nje na waondoke mapema; wawili wamekasirika hawaji tena. Jiko halivuki kizingiti. Vikombe mumewe anaviosha, vibaya, lakini anaviosha. Tatizo jipya ni kwamba amejifundisha bao na mtoto wao wa darasa la 4, na mtoto anamfunga. Baba hakubali kulala kabla hajalipiza.

"Juzi walicheza hadi saa 4, Sista," alisema.

Nimempa ujumbe ampelekee: saa 2 mtoto awe kitandani, na kete azifiche yeye mama.